Warumi 13 na mtoto aliyefunga mdomo mstarini: utii unaishia wapi?

MWALIMU MSTAAFU, TUKUYU:

Wapendwa, Bwana asifiwe. Jumapili iliyopita baada ya ibada tulikaa wazee watatu nje ya kanisa, habari ikawa ya mtoto mmoja wa sekondari. Familia yake ni Mashahidi wa Yehova, na yeye husimama mstarini bila kuimba wimbo wa taifa. Mzee mwenzangu akaimaliza kesi kwa andiko moja: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Warumi 13. Achapwe mpaka aimbe. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenikosesha usingizi wiki nzima. Naileta hapa tujadili: mwalimu Mkristo, au mkubwa yeyote, ana haki ya kumlazimisha mtu atamke kitu ambacho dhamiri yake mbele za Mungu inakikataa?

Nasema hana. Na sikuwa upande huu siku zote.

Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, ukungu wetu umeshuka hadi bendera haionekani vizuri, nilimchapa binti wa kidato cha pili viboko vinne vya mkononi kwa kosa hilohilo. Alikuwa amesimama wima, mikono imenyooka ubavuni, uso kwenye mlingoti, mdomo umefungwa. Hakulia. Alifuta kiganja kwenye sketi, akasema "asante mwalimu" kama walivyozoeshwa, kisha akaenda kubeba ndoo ya maji ya jikoni maana ilikuwa zamu ya darasa lao. Ndoo ile ndiyo inayonisumbua mpaka leo. Yule mtoto alinitii katika kila kitu: namba aliwahi, usafi alifanya, madaftari yangu alikusanya. Jambo moja tu alimbakizia Mungu, na mimi nikalitaka na hilo.

Tusome Warumi 13 bila kuishia mstari wa kwanza. Mstari wa tano unasema: "Kwa hiyo ni lazima kutii, si kwa sababu ya ile ghadhabu tu, ila na kwa sababu ya dhamiri." Paulo anataka utii unaotoka ndani ya mtu. Mkubwa anayeivunja dhamiri ya aliye chini yake ili atiiwe anabaki na woga wa fimbo peke yake, na Paulo amesema huo hautoshi. Halafu Paulo huyohuyo, mbele ya Festo, liwali wa Kirumi, alipoona haki yake inataka kuuzwa, hakuinama wala hakuokota jiwe. Alisema, "Nataka rufani kwa Kaisari."

Rufani tunaijua hapa Mbeya. Wanafunzi 127 wa Mashahidi wa Yehova katika mkoa wetu waliadhibiwa kwa kutouimba wimbo wa taifa, wengine wakafukuzwa shule. Wakashindwa Mahakama Kuu. Wakakata rufaa Mahakama ya Rufani, na mwaka 2013 wakashinda. Majaji waliona hakuna sheria inayomlazimisha mwanafunzi kuuimba. Waliomba haki kwa mamlaka ileile iliyowabana, wakasubiri. Waliiheshimu serikali kuliko mimi niliyeshika fimbo nikidhani nailinda, kumbe sheria yake siijui.

MZEE WA KANISA, MAKAMBAKO:

Kamwene, mwalimu. Nimekusoma kwa heshima, ila hapa sikubaliani nawe. "Mungu ibariki Afrika" ni sala, tena ya Kikristo. Aliyeitunga mwaka 1897, Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Mtu anayejiita wa Mungu anakataaje kuiombea nchi yake? Na ukifungua mlango huu, kesho atakuja anayekataa mtoto asichanjwe surua, kesho kutwa anayekataa kodi, wote wanataja dhamiri. Paulo aliwaandikia Warumi wakati wa Nero, yule Kaisari mkatili. Kama Nero alistahili kutiiwa, sembuse mwalimu mkuu?

MFANYABIASHARA, MWANJELWA:

Wazee wangu, shikamooni. Langu ni dogo. Anakuja mtu na daftari anadai mchango, risiti hana. Ukiuliza anakwambia ninyi walokole mmeamriwa kutii. Hapo nalipa?

MWALIMU MSTAAFU, TUKUYU:

Marahaba, mwanangu. Kodi na ushuru wa halali lipa, wala usizungushe. Ila Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Kwa hiyo dai risiti, na asipotoa, fedha ibaki mfukoni. Hujaasi mtu.

Mzee wa Makambako, ndaga fijo kwa hoja zako. Kwamba wimbo ule ni sala, hilo ndilo linalonipa hofu zaidi. Sala gani hutolewa kwa kiboko? Tuseme mwanao yuko shule ambayo wengi ni wa dini nyingine, achapwe mpaka atamke sala yao. Ungeandika barua siku hiyohiyo, nami ningeisaini.

Kuhusu chanjo niko na wewe. Shadraka, Meshaki na Abednego walikuwa watumishi wa mfalme kule Babeli, kazi yake waliifanya, sanamu yake wakakataa kuisujudia. Walioingia tanuruni ni wao wenyewe. Mzazi anayemnyima mtoto chanjo anamtia tanuruni mtu ambaye hata hajaulizwa, na hapo serikali iingilie kati, mimi nitakuwa wa kwanza kuiunga mkono. Na kuhusu Nero, mapokeo ya Kanisa yanasema ni chini yake Paulo aliuawa. Aliyetuandikia tutii alifika mahali akasema hapana.

MZEE WA KANISA, MAKAMBAKO:

La tanuru nimelipokea. Lakini shule ina watoto 600. Leo amenyamaza mmoja, kesho watanyamaza kumi kwa uvivu tu, wakiulizwa, dhamiri. Wewe uliyekaa darasani miaka yote hiyo, utawatofautishaje?

MWALIMU MSTAAFU, TUKUYU:

Nitawaangalia zamu ya maji. Mvivu ataikwepa na ndoo. Na nikikosea, nikamwacha mvivu mmoja asimame kimya dakika mbili mbele ya bendera, nimepoteza dakika mbili. Yule binti nilimkosea upande wa pili. Kiganja kilikuwa kimevimba, akabadilisha mkono, akaibeba ndoo kwa kushoto hadi jikoni.