Kutoka shuleni hadi kufundisha wafanyakazi kampunini: nianzie wapi?

Mwalimu wa Katuba

Jambo kwenu wakubwa na wenzangu. Nimefundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi kwa miaka sita, na sasa ninatamani kuhamia katika kazi ya kufundisha wafanyakazi ndani ya kampuni, hasa hizi za migodi na usafirishaji zilizotapakaa kati yetu na Likasi na Kolwezi. Nina shahada ya ualimu, na kusimama mbele ya watu hakunitishi. Lakini kila tangazo la kazi ninalolisoma linadai uzoefu wa miaka mitatu au mitano, nami sijui mtu anaupata wapi kabla hajaajiriwa. Binamu yangu ananishauri nilipe dola 400 kwa cheti kinachotolewa kwa intaneti. Je, kitanifungulia mlango, au nitakuwa nimetupa akiba ya mwaka mzima?

Mzee wa Kampemba

Mwalimu, dola zako zitunze kwanza. Chama cha wataalamu wa mafunzo kazini cha Marekani, ATD, hakimpi mtu cheti chake kikubwa, CPTD, mpaka awe amefanya kazi hii walau miaka mitano. Kwa hiyo cheti ambacho hakikuulizi lolote zaidi ya malipo kitamwambia mwajiri machache sana juu yako.

Ualimu wako unahesabiwa, ila kuna jambo shule haikukufundisha. Darasani programu inatoka wizarani, nawe unaifuata. Kampunini hakuna anayekuletea programu, na yule anayekuagiza mafunzo mara nyingi hajui shida yake iko wapi. Mimi nililijua hilo katika mwaka wangu wa pili. Mkuu wa ghala aliniita akalalamika kwamba makarani wake hawajui kujaza hati za kupokea mizigo. Niliwafundisha siku mbili, wakafurahi, tukapiga picha, na mwezi uliofuata makosa yakawa yaleyale. Ndipo nilipokwenda kukaa nao ghalani kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Malori yalikuwa yakiingia gizani, taa ya mlangoni ilikuwa imekufa zamani, na karani alikuwa ameibana simu kwa meno ili imulike karatasi, mkono mmoja ukiandika na mwingine ukizuia upepo. Tatu zake zilifanana na nane. Walipowekewa taa na meza, makosa yalipungua bila mimi kufungua mdomo. Tangu hapo, mtu akiniomba mafunzo, ninamwomba kwanza siku moja ya kuangalia kazi inavyofanywa. Wengine hukasirika, kwa kuwa wanataka mafunzo yaanze Jumatatu.

Mama wa Ofisi ya Wafanyakazi

Ninaongeza upande wa ofisi, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma maombi ya kazi. Kila mwajiri hapa Kongo hulipa mchango kwa INPP, taasisi ya taifa ya maandalizi ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, ambayo ina ofisi hapa mjini. Kampuni binafsi yenye wafanyakazi wasiozidi 50 hulipa asilimia 3 ya jumla ya mishahara, yenye 51 hadi 300 hulipa asilimia 2, na iliyozidi hapo hulipa asilimia 1. Wakuu wengi ninaowafahamu wanauona mchango huo kama kodi tu, hawaulizi wanaweza kupata mafunzo gani. Mwombaji anayefika mbele yangu akilijua jambo hilo ninamsikiliza kwa sikio jingine.

La pili, binti yangu, umeitaja kemia yako kana kwamba ni kitu kidogo. Shaba na kobalti zetu nyingi hutolewa katika mawe kwa asidi ya salfa, na asidi hiyo hupita barabarani kwa malori kila siku. Anayeweza kumweleza kibarua mgeni kwa nini asidi humiminwa katika maji, na si maji katika asidi, hadi akaelewa kweli, ni adimu kuliko unavyodhani. Omba kazi kwenye idara za usalama kabla ya idara za mafunzo.

Fundi Mitambo

Mama amesema kweli, lakini niwaonye walimu wanaokuja kwetu: wanaongea mno. Mimi ninafundisha madereva wa mitambo, na ninafuata hatua nne ambazo Wamarekani walizieneza viwandani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: unamwandaa mtu, unamwonyesha kazi huku ukieleza, unamwacha aifanye yeye huku akikueleza kila hatua na sababu yake, kisha unamfuatilia. Walimu wengi huishia hatua ya pili. Tena karatasi zote ziko kwa Kifaransa, watu wanaitikia «ndiyo» kwa adabu, na mtu akifika kwenye mtambo anamuuliza jirani yake kwa Kiswahili, «Alisema nini yule?» Fundisha kwa lugha ambayo mtu atapigia kelele siku ya ajali.

Mwalimu wa Katuba

Ninawashukuru sana. Mjomba wangu ana karakana ya magari, vijana wake kumi na mmoja, na hujaza betri kwa asidi bila miwani wala glavu. Amekubali niwafundishe Jumamosi mbili. Je, nimtoze? Na nitaonyeshaje baadaye kwamba mafunzo yalifaa?

Mzee wa Kampemba

Usimtoze fedha, mtoze ruhusa ya kuhesabu. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick aligawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: watu walifurahi, walijifunza, walibadili utendaji, na kazi ikapata faida. Furaha na picha zetu za ghalani zilikuwa ngazi ya kwanza tu. Wewe nenda wiki mbili kabla, bila kusema neno, uandike ni wangapi wanaovaa miwani na ni ovaroli ngapi zimetobolewa na asidi. Rudi wiki sita baada ya Jumamosi ya pili, siku wasiyokutegemea, uhesabu tena. Karatasi hizo mbili mpelekee Mama hapo juu.

Na ukiwa pale, tazama bomba la maji liko hatua ngapi kutoka mahali wanapojazia betri. Likiwa upande wa pili wa ua, zungumza na mjomba kuhusu bomba kabla ya kupanga Jumamosi ya kwanza.