Mjadala: Familia ikirithi kisiwa, ina haki ya kuwazuia wavuvi kwa jina la hifadhi?

Mleta hoja: Kuna familia ya hapa Mombasa, sitaitaja, imerithi shamba linaloshika karibu kisiwa kizima upande wa kusini. Mzee ametangulia mbele ya haki, watoto wamegawanyika. Mmoja ataka kuuza. Mwengine ataka vyumba vichache vya wageni, walinzi ufuoni, na marufuku kwa mvuvi yeyote kutia nanga mbele ya kisiwa. Hiyo ndiyo hifadhi, asema. Wavuvi nao wasema babu zao walianika ng'onda pale kabla hati haijaandikwa.

Msimamo wangu: wahifadhi, tena nitawaombea dua, lakini waanze na choo chao kabla ya wavu wa mtu. Hati yao ina mwisho. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 chasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ufuo si wao, na mwamba ulio mbele ya ufuo si wao zaidi.

Halafu sikilizeni mipango yenyewe. Mvuvi anatajwa kila dakika, maji taka hayatajwi kabisa. Visiwa vyetu hivi ni jiwe la matumbawe, matundu matupu. Ukichimba shimo la choo nyuma ya banda la mgeni, uchafu wapenya taratibu mpaka kwenye mwamba ule ule unaomfukuzia mvuvi. Na kisima je? Chini ya kisiwa maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Pampu ikivuta kwa pupa ili wageni wakoge mara tatu kwa siku, chumvi yapanda, na anayeumia wa kwanza ni mwenyeji mwenye ndoo.

Kisiwa cha Chumbe, kule Unguja, wameonyesha njia. Vyoo vyao havitumii maji, mvua inakingwa mapaani, na walinzi wa mwamba walichukuliwa kutoka kwa wavuvi wenyewe wakafunzwa. Hata marufuku ya kuvua pale ilitoka serikalini, 1994. Hakuna mwenye mali aliyesimamisha bango lake.

Bint Tudor: Kaka, wavuvi nao tusiwafanye malaika. Juya, wavu ule wa kukokota, limepigwa marufuku, na bado lakokotwa mchana kweupe. Boriti za mikoko nani anazishusha usiku? Huku kwetu kriki, mikoko ni ya serikali, maana yake haina mwenyewe, na kila mwenye panga ajikatia. Mimi nampa familia yenye hati. Angalau wana cha kupoteza. Kisiwa cha Tresco, Uingereza, kimeshikwa na ukoo mmoja tangu 1834. Walikikuta hakina miti, wakapanda ya kukinga upepo, leo watu walipa kuingia bustani yao. Niambie kamati gani ya kijiji itapanda mti wa kuja kumkinga kitukuu.

Mtu wa Likoni: Tresco wamekodi, dada! Ardhi ni ya Duchy ya Cornwall, milki ya mrithi wa kiti cha ufalme. Kwa hiyo kuna mwengine juu yao wa kuwauliza. Kwa nini husemi kisiwa cha Eigg, Scotland? Wakazi walichoshwa na matajiri waliokuwa wakiuziana kisiwa juu ya vichwa vyao, wakachangisha pesa na kukinunua 1997. Tangu 2008 wana umeme wao wa upepo, maji na jua, na kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5. Nani anayekubali kikomo cha hivyo kama hakujiwekea mwenyewe? Wala tusiende mbali: Gazi hapo Kwale, mradi wa wanakijiji wa Mikoko Pamoja wautunza msitu wa mikoko na kuuza kredi za kaboni, yaani walipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko, pesa zinaingia kwenye maji na shule. Hakuna ukoo wenye hati pale.

Karani mstaafu: Nyote mwapigana na mvuvi, na hatari imekaa sebuleni. Leo warithi ni sita. Kadhi akigawa, na watoto wao wakirithi, mtahesabu thelathini, nusu wako Nairobi na Ughaibuni. Mmoja akibanwa na deni, fungu lake lauzwa kwa mtu wa hoteli. Wakitaka kweli, waweke wakf, mali isiyouzwa wala kurithiwa, sasa hivi, kabla hawajagawana, wakiwa bado wanasalimiana. Au waende mahakamani: sheria ya mazingira ya 1999 yaruhusu masharti ya hifadhi kufungwa kwenye ardhi yenyewe, hata mnunuzi anayakuta.

Mleta hoja: Mzee wangu, shikamoo. La wakf nalikubali mia kwa mia, ila halivuki mstari wa maji. Kule waketi na BMU, kamati ya wavuvi ya ufuo, waulize ni kipande gani kipumzishwe na kwa muda gani, na jina la mvuvi liwe kwenye karatasi kabla ya jina la mgeni. Bint Tudor, juya nalo likatazwe na wavuvi wenyewe pale pale, wanajuana kwa majina.

Linalonisumbua ni pesa. Mwaka 2020 wageni walikatika, na hifadhi zilizotegemea vitanda zikabaki zikiomba. Mishahara ya walinzi mwaka kama ule itoke wapi, kwa warithi sita wasioelewana? Mwenye hesabu alete.