Kijana wangu anarudia video moja ya bendi ya Metallica kila usiku, naombeni ushauri

MamaWatatu: Habari zenu wakuu. Mwanangu yuko kidato cha nne. Kila usiku anaangalia video ile ile, wimbo unaitwa One. Nilichungulia: picha nyeusi na nyeupe, vijana wa nywele ndefu wanapiga magitaa ghalani, mara anaonekana mtu kitandani, uso umefunikwa kitambaa, anagongagonga kichwa kwenye mto, madaktari wamemzunguka. Niliogopa sana. Jirani anasema ni ushetani, nimnyang'anye simu. Shuleni anafanya vizuri, ila tangu rafiki yake apate ajali ya bodaboda amekuwa mkimya mno. Nifanyeje?

Mlinzi wa Zamu: Nyang'anya simu leo leo, dada. Kelele zile haziwezi kumjenga mtoto.

Gitaa Kavu: Hapana mkuu, tusimtishe mama wa watu. Hevi metali, huo muziki wa magitaa makali, naisikiliza tangu sekondari na video hiyo naijua vizuri. Picha za hospitali zimetoka kwenye filamu ya 1971, Johnny Got His Gun, ambayo Dalton Trumbo aliitoa katika riwaya yake mwenyewe ya 1939. Yule wa kitandani ni Joe, askari Mmarekani wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kombora limemwondolea mikono, miguu, macho, masikio, hata ulimi, lakini akili iko timamu. Kile kichwa anachogonga ni alama za Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa mapigo mafupi na marefu, anajaribu kusema na madaktari, nao kwa muda mrefu hawaelewi. Hakuna shetani pale, mama. Kuna mtu anayeomba asikilizwe. Hata ngoma za Lars Ulrich, mpiga ngoma wa Metallica, kule mwishoni zinamiminika kama rashasha, maana wimbo mzima ni kilio dhidi ya vita. Ilitoka 1989, nayo ndiyo video ya kwanza kabisa ya Metallica.

Nesi wa Usiku: Pole mama. Mimi nimeshika hapo kwenye ajali. Huyo rafiki yukoje sasa?

MamaWatatu: Yu hai, ila alikatwa mguu. Mwanangu hajaenda kumwona hata mara moja, nikimuuliza anaondoka.

Nesi wa Usiku: Basi simu mwachie. Kaa naye, muombe akuonyeshe hiyo video, ukae mpaka iishe bila kumhukumu. Halafu mtaje rafiki yake kwa jina. Na kwa kuwa Joe mwishoni anaomba afe, muulize mwanao waziwazi kama naye huwa anawaza kufa. Kuuliza hakumtii mtoto wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Gitaa Kavu: Naunga mkono. Ila filamu yenyewe msianze nayo, ni nzito kuliko video.

MamaWatatu: Asanteni sana. Nitakaa naye leo baada ya chakula. Akiwa tayari, Jumamosi twende wote kwa rafiki yake.

Nesi wa Usiku: Mkienda, usimlazimishe kuongea. Akikaa tu na mwenzake inatosha kwa siku ya kwanza.