Mafundi wa siti Arusha na Moshi, mnafunika uozo halafu mnauita "siti mpya"

Mleta uzi

Wakuu, huu uzi ni wa hasira. Atakayeguswa aguswe.

Unga Limited, Kwa Mrombo, Sakina, mpaka Moshi kule Majengo na Pasua, mabanda ya "tunashona siti za magari" hayahesabiki. Peleka gari la michezo la zamani kama Toyota Altezza, Celica ST202, Subaru Impreza GC8, Mazda Roadster ya kwanza au BMW Z3, utarudishiwa siti inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ipe masika moja tu. Ubavu wa kulia wa dereva umelala tena, bonde la katikati limefumuka, mshono umeanza kuonyesha meno, na ukikaa unausikia chuma pajani. Ukimrudia fundi anakwambia, "Bosi, gari lenyewe la zamani." La zamani ndiyo, ndiyo maana likaletwa kwako!

Hamtengenezi siti, mnaivisha. Na bei mnayotoza ni ya kutengeneza.

Siti ya gari la michezo si kochi. Ina mbavu ndefu za kumshika dereva kwenye kona, na kwa gari la usukani wa kulia kila anayepanda na kushuka anaburuza paja juu ya ubavu wa kulia. Magari haya ni ya kati ya 1989 na 2005, piga hesabu mwenyewe paja limepita hapo mara ngapi. Chini ya sponji ya ubavu kuna waya mnene au bomba la fremu. Kiwandani huwekwa kitambaa kigumu kati ya chuma na sponji. Kitambaa hicho kikiisha, chuma kinaila sponji kutokea ndani huku vumbi letu likisugua kutokea nje kama msasa. Kwa hiyo siku reksini (ngozi bandia) inapotoboka, ndani kulishaoza zamani. Ninyi mnatandika reksini mpya juu ya kaburi.

Mkijitahidi sana mnajaza vipande vya godoro. Sponji ya siti ya kiwandani humiminwa kwenye kalibu, na uzito wake kwa kawaida ni kilo 50 hadi 60 kwa mita moja ya ujazo. Godoro la bei ya chini halifiki hata nusu ya hapo. Eti "tutaongeza unene". Unene wa kitu laini ni ulaini mwingi tu! Wiki mbili unakaa juu mno, kwenye Roadster kichwa kinabusu paa, wiki ya tatu umezama na kiuno kinalia.

Sasa tukija kwenye uzi, na sisemi huu wa jukwaani. Mnashona siti kwa uzi wa pamba au wa nguo za shule, kwa cherehani ya Butterfly ya kushonea vitenge. Pamba inaoza kwa jasho na jua. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, msidanganyike na baridi ya asubuhi, jua la huku linachoma uzi na plastiki vibaya. Uzi wa siti ni poliesta iliyopakwa gundi kiwandani, unene wa Tex 70 mpaka 90 (Tex ni kipimo cha uzi, namba ikiwa kubwa uzi ni mnene), sindano namba 18 au 19. Nailoni ina nguvu ila jua huishinda haraka kuliko poliesta. Hatua ya mshono iwe milimita 4 hadi 5. Mkiibana ikawa milimita 2 mnatoboa ngozi kama stempu, halafu mnashangaa inachanika mstari ulionyooka! Na cherehani iwe ile ambayo mguu wa juu nao unatembea pamoja na mzigo, la sivyo safu ya juu inabaki nyuma na pande mbili za siti hazikutani.

Gundi ndiyo usiseme. Gari lililofungwa vioo juani hapo Moshi mjini linaweza kukaribia nyuzi 60 ndani. Gundi ya kawaida ya viatu inalegea kwenye joto hilo, na nyingine vimumunyisho vyake vinaila sponji yenyewe. Inatakiwa gundi ya joto kali, pande zote mbili, iache ikauke mpaka isigande kidoleni, ndipo ubandike.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni kutupa fito za waya. Lile bonde kati ya kalio (sehemu ya kukalia) na ubavu halikai kwa gundi. Ndani ya kitambaa kuna mfuko mwembamba wenye fito ya waya, na ile fito inafungwa kwenye waya mwingine uliozikwa ndani ya sponji kwa pete za chuma zinazobanwa na plaizi maalumu. Ninyi mnakata pete, mnatupa fito, mnamwaga gundi. Bonde linafumuka, siti inakuwa imevimba kama andazi. Fito hizo hazinunuliwi popote mjini hapa, zikitupwa zimetupwa.

Fundi wa Pasua

Mkuu umeongea ukweli nusu, ngoja nikumalizie nusu nyingine.

Mteja anafika saa nne asubuhi, gari analitaka saa kumi. Siti mbili zikifanywa kihalali ni siku tatu hadi nne. Kuna kuvua na kufumua, kuna kuunga sponji na kuacha gundi ikomae, kuna kukata na kushona, kisha kuvisha ambako peke yake kunakula nusu siku. Halafu mteja huyohuyo analeta reksini ya mita mbili aliyonunua ya makochi! Siti mbili za mbele zenye mbavu zinakula mita nne mpaka tano za upana wa mita 1.4, kwa sababu reksini inavutika upande mmoja zaidi ya mwingine na vipande vyote lazima vifuate mwelekeo mmoja. Reksini ya makochi aina ya PU (plastiki ya poliyurethani) unyevu na jasho vinaivunja, inaanza kumenyuka magamba. Akimenyukiwa, wa kulaumiwa fundi.

Kuhusu pete, vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya vinavyowekwa badala yake mimi navitetea. Viwe vyeusi, vyembamba, vya ubora, kwenye mgongo wa siti ambako hakuna uzito. Kwenye kalio nakubali ni uhuni, vinakauka na kukatika kimoja kimoja.

Na fundi mzuri huwa hachori patani (kielelezo cha kukatia) juu ya siti ikiwa imevaliwa. Anafumua koti la zamani, yaani vazi la nje la siti, kipande kwa kipande, anakiandika namba na mshale wa mbele, anaweka alama za kukutanisha kila sentimita tano kwenye mikunjo, sentimita kumi kwenye mstari mnyoofu, anaacha milimita 10 hadi 12 za mshono. Koti la miaka 25 limeshavutika. Ukilinakili kama lilivyo, jipya litakuja na makunyanzi. Pale kwenye kalio punguza milimita tano hivi. Koti livaliwe kwa kulazimishwa, liwe limepashwa mvuke kwanza.

Kisu na Sponji

Kuna wanaouliza mbavu zinaungwaje, basi iko hivi.

Usijaze shimo kwa vipande vipande. Kata sehemu iliyokufa yote mpaka ufike sponji hai, kata iwe bapa, kwa kisu kirefu chenye makali au msumeno wa chuma bila fremu yake. Tafuta sponji ngumu inayolingana. Sponji ya siti nyingine iliyokufa upande tofauti ni bora kuliko godoro jipya. Bandika tofali la sponji hiyo kubwa kuliko unavyohitaji, lizidi milimita 5 hadi 10 kila upande, acha usiku mzima, kisha chonga kwa msasa namba 40 na umalizie 60 huku ukilinganisha na ubavu wa abiria ambao mara nyingi bado mzima. Chini yake, pale kwenye waya, bandika turubai au kipande cha zulia jembamba. Hatua hiyo ukiiruka, kazi yote ni bure. Juu kabisa tandika sponji nyembamba ya milimita 6 ili maungio yasisomeke kwenye reksini.

Angalieni pia mkeka wa kupasha joto kwenye siti za magari yaliyotoka nchi za baridi. Ukikunjwa unachoma sehemu moja. Kama hautumiki, toa kabisa na chomoa soketi yake.

Umeme wa Magari AR

Mnabishana vikamba na pete, hapa watu watakufa.

Kama pembeni ya siti kuna kilebo cha SRS (alama ya mfumo wa mifuko ya hewa), ndani ya mgongo mna mfuko wa hewa, yaani eabegi ya pembeni. Mshono wa upande ule kiwandani umeshonwa kwa makusudi kwa uzi dhaifu ili upasuke mfuko unapolipuka. Fundi anaushona kwa uzi wa Tex 90 mara mbili "uwe imara". Siku ya ajali mfuko unakosa pa kutokea. Na wale wanaouza makoti ya kuvesha siti nzima juu ya eabegi ni walewale.

Kabla ya kugusa siti chomoa waya hasi wa betri, subiri sekunde 90 kwa uchache, ndipo uchomoe soketi ya njano chini ya siti. Usiipime eabegi kwa mita. Usiwashe swichi siti ikiwa nje, kompyuta ya gari itaandika kosa na taa ya eabegi kwenye dashibodi haitazimika mpaka ifutwe kwa mashine. Ile tabia ya kuchomeka rezista ya omu mbili kwenye soketi badala ya eabegi ili taa izime ni ulaghai. Taa imezimwa, kinga haipo.

Wachomeleaji nao, mtu anachomelea fremu sponji ikiwa bado juu yake! Moshi wa sponji ya aina hii una sumu.

Mdau wa Njiro

Kwa hiyo si rahisi kutupa siti za zamani na kuweka zile bakuli za mashindano? Kopi za Bride na Recaro, zile chapa za siti za mashindano, zimejaa.

Mleta uzi

Mdau, hapo ndipo hasira yangu inapanda upya. Siti halisi ya mashindano ina kilebo cha FIA (shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari), kwa mfano cha kiwango 8855-1999, chenye tarehe, na kwa mashindano muda wake ni miaka mitano. Kopi nyingi ni ganda tu lililopakwa rangi. Halafu inafungwaje? Fundi anachomelea bapa la geti juu ya reli za Toyota. Kanuni za FIA zinataka miguu ya chuma isipungue milimita 3, ya aloi milimita 5, na bolti nne za M8 (kipenyo milimita 8) kwa uchache. Na unapotoa siti ya kiwandani unaondoka na kifungio cha mkanda, maana mara nyingi kimefungwa kwenye fremu ya siti yenyewe. Watu wanakifunga upya kwenye bati la sakafu bila hata bamba nyuma yake.

Siti za mtumba za gari lenyewe ni bora, ukiziangalia kwa akili. Ukiletewa za gari la usukani wa kushoto, ubavu ambao haujachakaa utakuwa wa kulia, inavutia, ila siti ya dereva ya kule ukiihamishia kulia vishikio vinakuja upande wa katikati na reli hazikai sawa na sakafu. Siti za BMW Z3 na E36 zikicheza mbele na nyuma ukipiga breki, usikubali kuuziwa siti nyingine. Ni vibushi vya plastiki kwenye reli vimekwisha, vinauzwa peke yake.

Kuna mmoja kaniuliza pembeni kuhusu ngozi halisi, kwamba Moshi kuna Karanga na viatu vyake, Himo nako wanachakata. Sawa, ila ngozi ya kiatu si ngozi ya siti. Ya siti ni milimita 1.0 hadi 1.3, laini, imepakwa rangi inayovumilia jua. Ya kiatu ni nene, haikunjiki kwenye bonde. Tena ngozi nzima ya ng'ombe, ukiondoa makovu ya kupe na alama za moto za wafugaji wetu, haitoshi siti mbili. Hesabu zaidi ya moja. Na kama ngozi ya zamani imefifia tu bila kuchanika, iache. Isafishwe, ijazwe nyufa, ipakwe rangi ya ngozi ya maji. Rangi ya bodi itapasuka, na kiwi itahamia kwenye suruali. Wa kuosha magari, ile dawa ya kung'arisha matairi isipite kwenye siti, dereva anateleza kwenye kona!

Fundi wa Pasua

Nakubali mengi. Mteja naye adai mfuko wa masalia. Sponji iliyokatwa, pete za zamani, koti lililofumuliwa, vyote arudishiwe. Asiyefungua siti hana cha kurudisha.

Mleta uzi

Hilo la mfuko nalibandika juu kabisa, fundi.

Kabla hamjapokea gari: reli zisafishwe kwa brashi kavu, zipakwe grisi nyeupe kidogo sana. Oili chafu ya injini ikichanganyika na vumbi inakuwa tope la kusaga chuma. Bolti nne ziingizwe zote kwa mkono kwanza, ndipo zikazwe kwa spana namba 14. Toyota nyingi za kipindi hicho nguvu ya kukaza ni Nm 37 (nyutoni mita). Kisha kaa, sogeza siti mbele na nyuma, iachie. Reli ni mbili na kila moja ina kufuli lake. Kufuli moja likishika na jingine lisishike, reli zimefungwa zimepishana. Gari halitoki bandani, fungua bolti uanze upya.