Winga anataka fomu

*Kikundi: Ukoo wa Bibi, Mikindani*

Winga: Shikamooni wakubwa. Nimeamua. 2030 nachukua fomu ya udiwani. Naombeni baraka zenu.

Mama Zai: Udiwani wewe?? 😳

Shangazi: Marahaba mwanangu. Goti limepona?

Winga: Goti halipigi kampeni, shangazi. Jina ninalo. Nikipita stendi bodaboda wote wananiita.

Mdogo wa Lindi: Wanakuita kwa ile penalti uliyopaisha pale uwanja wa Nangwanda 😂😂

Mjomba: Tulieni. Nimemaliza ming'oko yangu, naandika. Mtu asinikatize.

Mjomba: Winga, mpwa wangu, unamjua Sebastian Coe?

Winga: Yule mzungu mkubwa wa riadha duniani?

Mjomba: Huyo huyo. Kwetu ana deni. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2. Tukatamba miaka mitano. Agosti 1979 Coe akaivunja Zurich, kwa 32.1. Nukta moja tu! Nilikuwa kijana, nikalala bila kula.

Shangazi: Ulilala bila kula kwa sababu mama alikunyima. Usidanganye watoto.

Mjomba: Nimesema nisikatizwe. 1980 ikaja Olimpiki ya Moscow. Bayi akapata fedha, Nyambui wetu naye akapata fedha. Coe mita 800 akapigwa na Mwingereza mwenzake Ovett, akarudi kwenye 1500 akachukua dhahabu. Na kwenda kwenyewe kulikuwa kwa ubishi, maana serikali ya Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, ilitaka wanamichezo wake wasusie, Warusi walikuwa wameingia Afghanistan. Coe akaenda.

Mama Zai: Kumbe mpinzani.

Mjomba: Ndipo utamu ulipo. 1992 akagombea ubunge kwa chama kile kile cha Thatcher, Wahafidhina. Akapita.

Shangazi: Wahafidhina ndio nani? Wanahifadhi nini?

Mjomba: Mila za zamani, na kodi ndogo. Lakini mashirika ya umma hawakuyahifadhi, waliyauza kwa watu binafsi.

Shangazi: Aaa. Kama viwanda vyetu vya korosho. Kuna vilivyogeuka maghala.

Mdogo wa Lindi: Shangazi leo umeamka na siasa 🔥

Winga: Sasa mjomba, si unaniunga mkono? Mkimbiaji kapita, winga atashindwaje?

Mjomba: Pole pole. Jimbo lenyewe Falmouth na Camborne, kule Cornwall, pwani kama kwetu. Camborne watu waliishi kwa machimbo ya bati. Bei ya bati duniani iliporomoka 1985, migodi ikafa mmoja mmoja. Coe hakuzaliwa huko, kakulia Sheffield. Wakampa kura. Huko bungeni akapanda hadi mnadhimu wa serikali, kazi yake kuhakikisha wabunge wa chama wanapiga kura walivyoagizwa. Yule aliyemkatalia Thatcher!

Mama Zai: 😂😂 Siasa hizi

Mjomba: Mei 1997 wananchi wakamtoa. Agosti mwaka huo huo Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akikimbia kwa niaba ya Denmark, akamvunjia rekodi yake ya mita 800. Ilikuwa imekaa tangu 1981. Kiti na rekodi, miezi mitatu!

Shangazi: Maskini. Mama yake alikuwa hai?

Mdogo wa Lindi: Lakini mjomba sema ukweli wote. 1997 Blair na chama chake cha Labour alifagia nchi nzima. Hata angekuwa malaika angeanguka.

Mjomba: Sikatai. Ila waliokuwa na mizizi jimboni, wapo waliobaki. Yeye alikuwa na medali.

Winga: Na akaishia vibaya?

Mjomba: Vibaya wapi. 2000 wakamfanya Lord, akaingia bunge la juu ambako hupigiwi kura. Akaongoza Olimpiki ya London 2012, na 2015 akawa rais wa riadha ya dunia. Mimi naona huko ndiko alikofaa siku zote. Ubunge ulikuwa njia ya mchepuko.

Winga: Kwa hiyo nisigombee?

Mjomba: Sijasema hivyo. Jando lako nililigharamia mimi, na fomu nitailipia mimi. Nauliza moja tu. Mkutano wa mtaa wa lile bomba la maji, ulikuwepo?

Winga: Nilikuwa mazoezini mjomba.

Mama Zai: Mazoezi gani na goti lile?

Mjomba: Na ule wa chama cha msingi, wakulima walipogomea bei ya mnada wa korosho?

Winga: ...

Mdogo wa Lindi: Refa amepuliza 😂

Shangazi: Mwacheni mtoto. Winga, Jumamosi saa nne kuna mkutano mwingine wa bomba. Njoo mapema, uje na kiti chako. Vya ofisini vimevunjika.