Mkandarasi kang'oa roshani ya nyanya yetu Mji wa Kale, na mbao za zamani kaenda nazo

Jamani watu wa Mombasa, nimechoka kunyamaza. Nyumba ya nyanya yetu, karibu na Ndia Kuu, ilikuwa na roshani ya msaji ambayo haikuangaliwa tangu marehemu atutoke. Wajukuu tukachanga, tukamchukua mkandarasi ajiitaye bingwa wa nyumba za kale. Tulimwambia wazi: palipooza patolewe, palipo pazima pasiguswe.

Palipooza palikuwa pachache: vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, na ubao wa chini unaopigwa na mvua. Seremala anayeijua kazi hukata kipande kibovu akaunga kingine cha mti ule ule. Huyu kang'oa roshani nzima! Kaweka saiprasi mbichi, kaipigilia misumari ya kawaida, hapa penye upepo wa chumvi, kisha juu kapaka rangi ya mafuta. Maji yaliyomo ndani ya mbao yatokee wapi? Masika hayajaisha, mbao zimepinda na kutu inachuruzika hadi mlangoni.

Ukutani kapiga plasta ya simiti. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, zanyonya unyevu na kuutoa zenyewe. Simiti yaufungia ndani, na boriti zinalala humo humo kwenye maji. Mchwa watafuata tu.

Lakini linalonichoma roho ni zile mbao. Nilipouliza ziko wapi nikajibiwa, "Takataka zile, zilitupwa." Msaji mkavu, wenye nakshi ya mkono, nani autupe? Kila mtu hapa ajua unavyotafutwa na wauza samani za kale. Ngome ya Yesu iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011, na hatua chache kutoka hapo nyumba zetu zinavuliwa nguo mchana kweupe!

Na kibali je? Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Alisema anacho, hadi leo karatasi hatujaiona. Simu hashiki.

Pesa tutadaiana. Mbao nazitaka zirudi. Yeyote aliyeona ikiuzwa mihimili miwili ya msaji iliyochongwa maua, mmoja una ufa uliobanwa kwa bamba la shaba, aandike hapa ni wapi, niende leo leo.