Mdundo wangu haufiki kwenye kiitikio: nibadilishe programu?

Mgeni_wa_Biti:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ni wiki 3 sasa tangu niweke FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, toleo la majaribio, kwenye kompyuta yangu. Nimepanga kiki (ngoma nzito) kwenye visanduku vya 1, 5, 9 na 13, na snea (ngoma yenye mlio mkali) kwenye 5 na 13, kisha nikatengeneza kiitikio pembeni. Lakini nikibonyeza kitufe cha kucheza, mdundo ule wa kwanza hujirudia tu. Nikiimba nimevaa hedifoni za bluetooth, sauti yangu hunirudia imechelewa. Tena kazi niliyoihifadhi juzi imekataa kufunguka. Je, programu hii hainifai, au kuna jambo la msingi nililoliruka?

Kinanda_Kibovu:
Mkuu, usihame, utakutana na maswali hayohayo kwingine. Karibu na kitufe cha kucheza pana swichi ya PAT na SONG. Ikiwa kwenye PAT, programu hucheza paterni (kipande kifupi cha mdundo) moja pekee, na visanduku vyako 16 ni mapigo 4, ndiyo maana hausogei. Paterni ichukulie kama ubeti: kuutunga ni kazi moja, na kuupanga mahali pake katika shairi zima ni kazi nyingine, inayofanyika kwenye dirisha la Playlist. Zipange paterni zako humo, kisha geuza swichi iwe SONG.

Kuhusu kazi iliyokataa, hilo ni sharti la toleo la majaribio: unaruhusiwa kuhifadhi, ila huwezi kufungua tena mpaka ununue, na ukishanunua faili zako za zamani zitafunguka. Kabla ya kufunga, toa wimbo kama faili ya WAV, yaani faili ya sauti ya kawaida, maana hilo linaruhusiwa. Kwa kuwa unaimba, usinunue toleo la Fruity kwa sababu ya bei yake ndogo kabla ya kuhakikisha kama linarekodi sauti ya mwimbaji, la sivyo anzia toleo la Producer. Masasisho hutolewa bure maisha yote.

Fundi_Waya:
Naongezea kuhusu kuchelewa. Kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa (hifadhi ya muda mfupi) kabla ya kuitoa, ikiwa imekatwa vipande vidogo sana viitwavyo sampuli. Bafa ya sampuli 2,048, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, peke yake huchukua takribani milisekunde 46, na bluetooth huongeza ucheleweshaji wake juu ya hapo. Weka kando hedifoni hizo, tumia za waya. Kisha bonyeza F10, nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa cha sauti) ya FL Studio ASIO na upunguze bafa hadi 256, ambayo ni kama milisekunde 6. Ikianza kukwaruza, ujue prosesa imezidiwa, panda kidogo.

Hukuuliza, lakini litakufika: mita ya Master, yaani ya sauti ya wimbo mzima, ikivuka 0, usipunguze spika ukadhani umemaliza. Punguza kiki na snea kwenye Mixer, dirisha la kupimia ukubwa wa kila sauti, kwa kuwa sauti iliyopasuka ndani ya faili ya WAV haitengenezeki kirahisi.

Mgeni_wa_Biti:
Nashukuruni sana. Kiitikio kimeingia mara tu nilipogeuza swichi. Hedifoni za waya nimeazima kwa kaka. Bafa ya 256 ilikwaruza, kwa hiyo nimebaki na 512, na sasa naimba bila kujisubiri. Ile kazi ya juzi nimeipika upya kwa dakika 40, nayo imeizidi ya kwanza, isipokuwa snea, ambayo sikumbuki niliitoa folda gani.